Mstari Mwekundu Chini ya Kioo

Mbaazi ni mmea usio na makuu. Ukipata udongo, mvua na mkono wa kuupalilia, unatoa maua na kufunga maganda. Wahenga waliuona mmoja umesimama mkavu shambani, huku wenzake kulia na kushoto wamejaa maua ya manjano chini ya jua lile lile, wakasema: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kuna watu ambao wakishindwa kazi yao hawasemi "nimeshindwa". Hutafuta wa kumtwika mzigo: chombo, hali ya hewa au mwenzao. Jambo hilo lingekuwa la kuchekwa tu kama lisingekuwa linawalaza watoto wa wengine na njaa. Kwa hiyo atakayecheka katika hadithi hii acheke kwa kiasi.

Oktoba ya mwaka 2008 ilikuwa inaelekea ukingoni. Upepo wa Ufipa ulibeba vumbi jekundu kutoka mashamba yaliyokwisha kutifuliwa, na kila mkulima aliyetoka nje asubuhi alianza kwa kutazama mawingu upande wa Zambia. Ofisi ya Umoja wa Wakulima Tupendane ilikuwa chumba kimoja huko Kasense, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Mashine hiyo ilipowashwa, taa ya ofisi ilinywea kama mtoto aliyekemewa.

Umoja huo haukuzaliwa kwa starehe. Tangu biashara ya mbegu na mbolea iachiwe watu binafsi, mbegu ya mahindi ilifika Sumbawanga kwa bei ya aliyeileta na siku aliyotaka yeye. Mara nyingi ilifika mvua imekwisha kutangulia. Wakulima wakachoka. Kaya mia tatu ishirini na nane zikaungana, zikakubaliana na muuzaji mmoja wa Mbeya alete lori moja kwa siku moja, na mifuko igawanywe kwa orodha. Lori lilitarajiwa Jumatatu, tarehe kumi Novemba. Aliyekuwa kwenye orodha angepata mfuko wake. Asiyekuwemo angerudi nyumbani na gunia tupu.

Orodha hiyo ilikuwa kazi ya Hilaria, mwanamke wa Malangali mwenye cheti cha uhazili na vidole vyepesi. Alifanya kazi kwa kompyuta iliyoletwa na marafiki wa parokia kutoka ng'ambo: kasha la rangi ya maziwa yaliyoganda na kioo kinene chenye mgongo kama kobe. Ilikuja na mfumo wa Linux, ambao haununuliwi, na ndani yake programu ya kuandikisha wanachama. Mke wa mwenyekiti, kwa kuiheshimu, alikifumia kioo kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, nacho kilifunika mgongo wote mpaka chini. Fundi alikuwa Meshack, kijana aliyesomea kompyuta Mbeya, ambaye hakuwahi kuonekana bila mkoba mweusi begani. Mwenyekiti, Mzee Theodory, alipomtaja Meshack alisema "mtaalamu wetu" kwa sauti ya mtu anayemtaja askofu.

Tangu siku ya kwanza kioo kilikuwa na kasoro. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango la mnada, na fomu ya kuandikishia haikuenea. Sehemu yake ya chini ilikatika, kama picha ya familia ambayo mpiga picha ameikata miguu. Hilaria aliona ncha za herufi zikichungulia ukingoni, kisha basi.

"Meshack, hii fomu inaendelea huku chini," alimwambia mapema mwezi wa tisa. "Hebu itazame."

"Dada Hilaria, hicho kioo ni kizee. Kimetumika huko kwao mpaka kimechoka, ndipo wakatuletea sisi. Hakiwezi kuzidi hapo."

"Umejaribu?"

"Mambo ya kitaalamu haya. Kikilazimishwa kinapasuka. Utakinunua wewe kingine?"

Wiki mbili baadaye alimwuliza tena. Safari hii Meshack alinyoosha kidole kwenye nguzo ya umeme iliyokuwa barabarani. Umeme wa Zambia, alisema, unafika umechoka, na hao wa mashine ya kusaga wanaumaliza kabisa. Mara ya tatu alikuwa ameshika simu sikioni, akajibu bila kuitoa.

"Tatizo ni hiyo Linux, dada. Kitu cha bure unategemea nini? Mwambie mwenyekiti niwawekee mfumo mwingine, mtaona kazi. Kwa sasa tumia hivyo hivyo, poa tu."

Hilaria akatumia hivyo hivyo. Alisoma jina kwenye daftari, akaliandika, akabonyeza, fomu ikajisafisha, akaenda kwenye jina lililofuata. Fomu ikijisafisha, alijua jina limeingia. Hakuna aliyemwambia kuna njia nyingine ya kujua. Orodha ilipokamilika aliichapa, Mzee Theodory akaitia sahihi bila kuhesabu, nakala moja ikaenda Mbeya na nyingine ikabandikwa mlangoni.

Jumanne ya tarehe nne Novemba, Minza alisimama mbele ya mlango huo na mtoto mgongoni. Minza alikuwa Msukuma. Yeye na wenzake walihamia Ufipa na ng'ombe wao miaka saba iliyopita, wakajenga upande wa pili wa kijito, mahali palipoitwa Ng'ambo ya Mto. Walikuwa kaya arobaini na moja. Ng'ombe wengi walikwisha kufa au kuuzwa, na sasa walitegemea jembe kama Wafipa wenzao. Minza alipitisha kidole kwenye orodha kutoka juu hadi chini, kisha akarudia, kisha akarudia tena. Ndipo akaingia, akamsalimu Hilaria kwa jina la mwanawe.

"Umeamkaje, mama Fabiani?"

"Salama, mama Kashinje. Za huko ng'ambo?"

"Za ng'ambo si nzuri. Nimeisoma karatasi yenu mara tatu, mpaka huyu mgongoni naye karibu ajue kusoma. Sisi hatumo."

"Nyinyi nani?"

"Sisi wote. Hakuna hata mmoja."

Hilaria alitoka, akasoma mwenyewe. Moyo ulimshuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Orodha ilikuwa na majina mia mbili themanini na saba. Arobaini na moja hayakuwepo, na yote yalikuwa ya watu wa Ng'ambo ya Mto.

Mzee Theodory alikuwa ndani, anakunywa chai. Alisikiliza bila kuweka kikombe chini.

"Nyinyi wenzetu ni watu wa kuhamahama," alimwambia Minza. "Leo mpo, kesho mmefuata majani. Una hakika mlijiandikisha?"

"Shikamoo, mwenyekiti," Minza alisema, maana alikuwa hajapata nafasi ya kumsalimu.

"Marahaba."

"Uliniandika wewe mwenyewe, mwezi wa nane. Ulikalia kigoda changu, ukanywa maziwa yangu, ukaandika jina langu kwenye hilo daftari la kijani. Maziwa hayakuhamahama. Uliyamaliza."

Mzee Theodory akaweka kikombe chini. Akaagiza mtaalamu aitwe. Meshack alifika na mkoba wake, akasikiliza kwa kichwa kilichoinama upande mmoja, kisha akatoa hukumu bila hata kuketi.

"Mashine haikosei. Inatoa kile ulichoingiza. Hapa dada ameruka majina. Pengine majina ya Kisukuma yalimshinda, au macho. Umri nao, si mnajua."

Hilaria alikuwa na miaka thelathini na minane. Alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye masikio.

"Juzi mashine ilikuwa mbovu," alisema taratibu. "Kioo kizee, umeme mchovu, Linux ya bure. Leo imekuwa haikosei?"

"Dada, usikasirike. Kukosea ni ubinadamu."

"Wa nani?"

Mwenyekiti aliinua mkono. Akasema Jumamosi kuna mkutano, na wanachama wataamua kama Hilaria aendelee na kazi. Orodha iliyosahihishwa ingeweza kupelekwa Mbeya kabla ya jioni ya Jumamosi, ila lazima itoke kwenye mashine, kwa sababu muuzaji hakubali majina ya kuchomeka kwa kalamu. Kama isingetoka, watu wa Ng'ambo ya Mto wangesubiri msimu ujao.

"Msimu ujao tutapanda," Minza alisema. "Huu watoto wale nini? Orodha?"

Alifunga vizuri kanga iliyombeba mtoto, akamtazama Hilaria mara moja, akatoka. Mtazamo ule haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuzoea kukosekana kwenye karatasi za wengine, na hilo lilimuuma Hilaria kuliko kama angetukanwa.

Alasiri hiyo hiyo Hilaria alifungua daftari la kijani, akaandika upya kaya zote arobaini na moja, jina kwa jina, akizitamka herufi kwa sauti. Akachapa. Mia mbili themanini na saba. Akaliandika jina la Minza peke yake, mara tatu mfululizo. Akachapa tena. Mia mbili themanini na saba. Hapo ndipo alipojua kwamba hakuruka mtu. Mashine ilikuwa inawakataa watu wale, na kama ilikuwa inasema sababu, basi ilikuwa inaisema mahali asipopaona.

Alimwendea Meshack kumweleza. Alimkuta nje ya duka la Isdori akicheza bao.

"Ni ile sehemu ya chini ya fomu," alimwambia. "Kuna kitu hatukioni. Njoo tukifungue kioo kionyeshe chote."

"Nilishakwambia hakifunguki."

"Niambie basi hujui, nitafute anayejua. Si dhambi kutojua."

Waliokuwa wakicheza bao waliacha kete, wakasikiliza. Meshack alicheka, lakini kicheko chake hakikufika machoni.

"Mimi nisijue? Hicho kioo hata aje Mzungu aliyekiunda, hakiwezi. Nenda ukapumzike, dada, Jumamosi ni karibu."

Hilaria hakwenda kupumzika. Jumatano alikwenda Sumbawanga mjini, kwenye duka la intaneti karibu na stendi, akakodi nusu saa. Kwa Kiingereza chake cha chuoni, ambacho hakikuwa na madoido, aliandika shida yake kwenye ukurasa ambako watumiaji wa Linux husaidiana. Aliandika kwamba kioo chake kinaonyesha vitu vikubwa mno, kwamba sehemu ya chini ya fomu haionekani, na kwamba fundi amesema haiwezekani. Jibu alilikuta Alhamisi. Mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, alikuwa amemwandikia ukurasa mzima, akaanza hivi: "Kigeuze kioo. Nyuma kuna kibandiko. Kinasema nini?"

Hilaria alisoma sentensi hiyo mara mbili, akaona haya peke yake. Miezi mitatu alikuwa amekaa mbele ya kioo kile, na hakuwahi kukigeuza. Wala Meshack. Wote walikuwa wamekitazama usoni na kukisema vibaya.

Barua iliyobaki ilieleza kwa maneno mepesi. Mashine inapoamka huuliza kioo: wewe unaweza kuonyesha ukubwa gani? Kioo hujibu kupitia kebo. Kebo ikiwa na hitilafu, jibu halifiki, na mashine, kwa kuogopa kuharibu, huchagua kipimo kidogo kuliko vyote: nukta 640 kwa 480. Kioo chenyewe kinaweza kuwa kizima kabisa. Dawa ni mtu kuiambia mashine kwa mkono kile ambacho kioo kimeshindwa kuifikishia. Zilifuata amri nne. Ya kwanza hukokotoa vipimo, ya pili huipa mashine kipimo hicho kipya, ya tatu hukifunga kwenye tundu la kioo, na ya nne hukiwasha. Hilaria alizinakili zote kwenye karatasi, nukta na kistari, kama mtu anayenakili wosia.

Ijumaa asubuhi, kabla mashine ya kusaga haijaanza kunguruma, alitoa kitambaa cha waridi, akakikunja vizuri, akakigeuza kioo. Kibandiko kilikuwepo. Vumbi lilikuwa limekifunika, lakini alipofuta kwa kidole kilisomeka wazi kama cheti cha ubatizo: 1024 kwa 768, mara 60 kwa sekunde. Akafuata kebo mpaka mwisho wake, akaichomoa. Kati ya visindano vidogo vilivyopangwa mle ndani, kimoja kilikuwa kimevunjika.

Alianza kuandika kwa haraka, akakosea. Alinakili namba za mfano wa yule mgeni, ambazo zilikuwa kubwa zaidi, badala ya namba za kibandiko. Kioo kikawa cheusi ti, isipokuwa kijisanduku kimoja kilichoelea katikati na maneno ya kusema kipimo kimezidi uwezo. Hilaria alishika kichwa. Maneno ya Meshack yalimrudia: kikilazimishwa kinapasuka. Alisubiri mlio. Haukuja. Akazima kila kitu, akahesabu hadi ishirini, akawasha. Kioo kikarudi na maandishi yake ya bango la mnada, salama salimini.

"Hilo ni langu," alijiambia kwa sauti. "Nimesoma vibaya."

Akaanza upya, safari hii kidole kimoja kikiwa kwenye kibandiko. 1024. 768. 60. Alipobonyeza amri ya nne kioo kilipepesa mara moja, kisha kikafunguka kama dirisha lililokuwa limezibwa mbao. Fomu ilienea yote, na nafasi ikabaki. Chini kabisa, mahali ambapo kwa miezi mitatu palikuwa gizani, palikuwa na mstari mmoja mtupu.

Hilaria aliandika jina la Minza, akabonyeza. Fomu ikajisafisha kama kawaida yake. Na mstari wa chini ukawaka mwekundu: *Jina halijahifadhiwa. Namba ya kitongoji haipo.*

Alivuta daftari la kijani. Kila kaya ya Kasense ilikuwa na namba mbele yake, moja hadi sita. Mbele ya kaya za Ng'ambo ya Mto, zote arobaini na moja, palikuwa na kistari. Mwandiko ulikuwa wa Mzee Theodory. Hilaria alikuwa amevinakili vistari vile kimoja kimoja bila kuuliza ni vya nini, kwa sababu mwenyekiti ndiye aliyevichora, na kwa sababu watu wenyewe walikuwa ni wa kuja. Hasira aliyokuwa nayo kwa Meshack ilipungua kidogo, kwa kuwa sehemu yake sasa ilikuwa imemgeukia mwenyewe.

Angeweza kutia namba yoyote akamaliza. Hakutaka. Namba ya kubuni ingekuwa kistari kingine tu. Alichofanya ni kuzima mashine na kuiwasha, ajaribu kama kazi yake imekaa. Haikukaa. Kioo kilikuwa kimerudi kule kule. Akasoma mwisho wa barua: amri hizo hufa umeme ukizimika, kwa hiyo ziandikwe kwenye faili ambalo mashine hulisoma kila inapoamka. Akaziandika. Akazima, akawasha. Dirisha likafunguka lenyewe.

Jumamosi saa nne wanachama walijaa uani. Watu wa Ng'ambo ya Mto walisimama nyuma, karibu na ukuta. Hilaria alikuwa ameomba meza isogezwe mlangoni na kioo kielekezwe nje, ila kilikuwa bado kimezimwa. Meshack alipewa nafasi ya kwanza. Alizungumza vizuri, na alizungumza sana. Alieleza kuhusu vumbi, akaeleza kuhusu umeme, akaeleza kuhusu vitu vya msaada ambavyo Wazungu hututupia, kisha akasema kwa huruma kwamba dada Hilaria ni mtu mwema lakini teknolojia haina huruma.

"Umemaliza?" Hilaria aliuliza.

"Nimemaliza, dada."

"Basi mimi naanza na langu. Niliandika majina bila kuona kama yanaingia. Niliona vistari kwenye daftari, sikuuliza. Orodha ilipotoka sikuhesabu. Hayo matatu ni yangu, na mkiniondoa kwa hayo sitasema mmenionea. Sasa tazameni kioo ambacho hakifunguki."

Akawasha. Watu walisogea. Mashine ilichukua muda wake, kisha fomu ikatokea yote, juu mpaka chini, maandishi yakiwa yametulia.

Meshack alikodoa macho. Lakini hakukosa la kusema.

"Ni bahati ya umeme wa leo tu. Ukizima, kinarudi."

"Zima wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mtaalamu. Zima."

Alizima. Wakati huo huo mashine ya kusaga ukuta wa pili ikaanza kunguruma, na taa ya ofisi ikanywea. Mtu mmoja nyuma akacheka. Meshack aliwasha akiwa na uso wa mtu anayesubiri kuthibitishwa. Kioo kilipepesa katika umeme ule ule mchovu wa Zambia, na fomu ikatokea yote.

"Haya," alisema Romani, mzee mkulima ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi. "Umeme umehojiwa, hauna hatia. Tuendelee."

Hilaria akaandika jina la Minza, akabonyeza. Mstari wa chini ukawaka, na waliojua kusoma wakawasomea wasiojua: jina halijahifadhiwa, namba ya kitongoji haipo. Minong'ono ikapita uani kama upepo kwenye ulezi. Hilaria alifungua daftari la kijani, akaliinua juu ili vistari vionekane.

Mzee Theodory alijikohoza. "Hawa walikuwa bado hawajapangiwa kitongoji. Suala lao lilikuwa linashughulikiwa."

"Miaka saba, mwenyekiti," Minza alisema kutoka ukutani.

Romani alijiinua kwa fimbo yake. "Mwenyekiti, kile kijito kinapita kitongoji cha ngapi?"

"Cha nne."

"Na ng'ombe wao wakiingia kwenye bustani za huko, faini mnaandika kitongoji cha ngapi?"

Mwenyekiti alilitazama daftari. "Cha nne," alisema.

"Kumbe wamepangiwa. Kwenye faini wana namba, kwenye mbegu wana kistari." Akaketi.

Hakuna aliyecheka. Mzee Theodory aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka mashine ya kusaga ilipomaliza debe la mtu. Kisha akanyanyuka, akachukua kalamu mfukoni.

"Vistari nilivichora mimi," alisema. "Si mashine, na si mama Fabiani. Lete daftari."

Akaandika nne, mara arobaini na moja, akiwa amesimama. Hilaria alimfuata nyuma kwa vidole vyake vyepesi, na kila jina lilipoingia mstari wa chini ulikuwa wa kijani. La Minza lilikuwa la kwanza. Saa tisa orodha ilitoka na majina mia tatu ishirini na nane. Zamu hii Hilaria aliyahesabu, na mwenyekiti akayahesabu baada yake. Jioni haijafika, orodha ilikuwa kwenye basi la Mbeya. Suala la kumwondoa Hilaria halikuletwa na mtu yeyote, na yeye hakuwakumbusha.

Meshack alikuwa bado amesimama kando ya meza na mkoba wake. Hilaria alimnyooshea ile karatasi ya amri nne.

"Chukua, unakili. Kuna vioo vingi mjini vyenye shida hii."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi, na mtu mwenye akili angepita. Meshack aliitazama karatasi, akaitazama hadhara, akarekebisha mkanda wa mkoba.

"Huo ni ujanja wa kubahatisha," alisema. "Kazi ya kitaalamu haifanywi hivyo. Na hata hivyo, hicho kitambaa ndicho kilichokuwa kinakibana kioo kisipumue."

Akaondoka. Baada ya miezi mitatu ya kulaumu kioo, umeme, vumbi, Linux na macho ya mwanamke, mtuhumiwa wake wa mwisho alikuwa kitambaa cha waridi.

Jumatatu lori lilifika. Minza alijibu "nipo" jina lake lilipoitwa, akajitwisha mfuko, akavuka kijito. Mvua ilinyesha Jumatano, na wiki ya pili ya Desemba mahindi ya Ng'ambo ya Mto yalikuwa yamefika gotini, sawa na ya kitongoji kingine chochote. Kioo kilirudishiwa kitambaa chake, ila Hilaria alikikunja nyuma ili kibandiko kionekane, na kioo hakikuacha kupumua.

Meshack alihamishia kazi zake Malangali. Waliopita huko walisema kila mteja wake huambiwa jinsi kompyuta ya Kasense ilivyoharibiwa na mama mmoja asiyejua kitu. Huenda bado anasema. Jua la Ufipa liliwaka kwa wote msimu ule, kwenye shamba la Minza na mlangoni pa Meshack vilevile, wala halikumnyima mtu ua lake. Lakini ndivyo ulivyo, mbaazi ukikosa maua husingizia jua.